Konzi mbili za mahindi

Mama mmoja mfanyabiashara alifika maabara na konzi mbili za mahindi kwenye mfuko wa nailoni. "Mwanangu, nipimie haraka, lori linanisubiri." Mahindi meupe, yanang'aa, mazuri kweli. Nilipomuuliza kayachota wapi, akasema mdomoni mwa gunia.

Nikayapima: sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka) mikrogramu 2 kwa kilo. Kikomo chetu Afrika Mashariki ni 10. Hata hivyo cheti sikumwandikia. Mimi ni mtu wa Dodoma. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu kwetu na Manyara, na hawakula kitu cha ajabu, walikula ugali. "Mama, hizi konzi mbili ni safi. Magunia yako 80 bado sijayapima. Twende ghalani."

Sumukuvu haienei kwenye gunia kama chumvi kwenye mchuzi. Punje elfu zinaweza kuwa safi, na moja iliyotobolewa na dumuzi ikabeba sumu ya kuharibu kilo nzima. Ndiyo maana kosa kubwa la kipimo hiki hufanyika kwenye kuchota, kabla hata mashine haijawashwa.

Tulichoma bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, juu, katikati na chini ya magunia. Safu iliyolala sakafuni, bambo lilitoka na punje za kijani-kijivu zenye harufu ya uvundo. Mama akanyamaza. Sampuli ya kila safu nikaisaga yote mpaka ikawa unga laini, nikachanganya, nikapima gramu 20, nikatia methanoli na maji, nikatikisa, nikachuja.

Kwenye kipimo cha ELISA, kinachoonyesha sumu kwa rangi ndani ya vishimo vidogo, rangi husomwa kinyume. Sumu ya mahindi hugombea nafasi na sumu ya kipimo iliyofungwa kwenye kimeng'enya kinacholeta rangi, kwa hiyo kishimo chenye njano iliyokolea ndicho salama. Vishimo vya safu ya chini vilipauka, karibu kuwa maji matupu. Mashine ikasoma 41. Safu za juu zilisoma 4.

"Basi hayo ya chini niwape kuku?"

Hapana, mama. Sumu hii ilijulikana kwa ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye mashudu ya karanga.

Magunia 11 tukayatenga. Lori liliondoka kesho yake asubuhi na 69.