Siku moja maishani mwangu gereji: stelingi inayovuja, na tone lililonidanganya

Saa 12:40 asubuhi
Nafungua geti la gereji hapa Sombetini, Arusha, nakuta Land Cruiser imeshapaki nje, dereva kalala kiti kimelazwa nyuma. Ni HZJ79, chesisi imerefushwa na paa linafunguka, kama magari mengi ya watalii mjini hapa. Ametoka Serengeti jana, kaingia usiku.

"Shikamoo fundi. Pampu ya stelingi imekufa tena."

"Marahaba. Tena?"

Pampu ilibadilishwa wiki 2 zilizopita kwenye gereji nyingine, na gari bado linakunywa karibu nusu lita ya haidroliki kwa siku. Kesho saa 12 asubuhi linapokea wageni. Yeye ameshaamua anataka pampu nyingine. Mimi sijaamua chochote, hata boneti sijafungua.

Saa 1:15
Nafungua kopo la haidroliki. ATF, yaani haidroliki ya stelingi, ikiwa nzima ni nyekundu kama juisi ya rozela. Hii ni ya kahawia inayokaribia weusi. Namtazama dereva, anacheka kwa aibu: ilimwishia Seronera, katikati ya Serengeti, akaongezea oili ya injini aliyokuwa nayo mlangoni.

Madereva, nawaomba. Afadhali hiyo kuliko mafuta ya breki, ambayo yanavimbisha sili zote za stelingi, yaani mipira inayozuia oili isivuje, mpaka zinakuwa kama ubuyu uliolowa. Lakini ameniharibia shahidi. Rangi nyekundu ndiyo ingeniambia tone lililo chini ya gari ni la nani. Sasa linaweza kuwa la injini, la stelingi, hata la shokapu ya stelingi.

Kisha nachomoa dipstiki ya injini. Dogo ninayemfundisha anashangaa, "Si tunatafuta haidroliki?" Ndiyo, lakini kwenye injini hii ya 1HZ pampu ya stelingi haivutwi na mkanda, inazungushwa na gia. Sili ya shafti yake ikifa, haidroliki inaingia ndani ya injini kimyakimya, nje kukavu kabisa, na oili ya injini inapanda badala ya kushuka. Leo oili iko pale pale kwenye alama. Naanza kuionea huruma ile pampu iliyotolewa.

Saa 2:00
Kuosha. Hapa ndipo wenye magari wengi hukosa subira, wanaona kama unawapotezea muda. Chini ya bampa pote ni tope la oili na vumbi, limeshikana kama saruji. Dizeli na brashi, halafu maji na sabuni, halafu upepo wa kompresa. Saa nzima na nusu. Gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma oili nyuma, kwa hiyo ukilala chini unakuta mpaka gia boksi imelowa. Unatakiwa utafute penye majimaji palipo juu zaidi na mbele zaidi, na huwezi kupaona kama kila kitu kimelowa.

Saa 3:40
Dereva anawasha, anakata stelingi hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Hapo presha inapanda. Namwambia asishikilie mwishoni zaidi ya sekunde chache, pampu inachemka. Dogo anamulika tochi.

"Fundi, hapa!"

Kweli. Pale bomba la presha linapofungwa kwenye pampu, bolti linatoa jasho. Nalifungua: washa za shaba zina mikunjo miwili miwili, yaani ziliwahi kubanwa, zikafunguliwa, zikarudishwa. Washa ya shaba inakubali kubanwa mara moja. Kitu cha bei ya maandazi. Naweka mpya, nakaza, nafuta.

Nampigia dada wa ofisini kwao: gari litatoka saa 7 mchana.

Saa 4:50
Chai, chapati mbili, maharage. Nilikuwa nimetandika kadibodi chini ya gari. Narudi, kuna tone. Halipo chini ya pampu, liko chini ya boksi la stelingi.

Sikusema kitu. Dogo naye hakusema, ila aliniangalia.

Nafuta tena, halafu natoa silaha yangu ya siku zote: poda ya mtoto. Napulizia boksi, mabomba, shokapu, kila kitu kinakuwa cheupe kama keki. Dereva anakata stelingi mara kumi. Poda inabaki nyeupe kila mahali isipokuwa chini ya boksi, pale shafti inapotoka kuingia kwenye mkono unaosukuma miguu ya mbele. Pale imekuwa uji wa kahawia.

Jasho la juu lilikuwa la kweli. Ila nusu lita kwa siku haikuwa yake.

Saa 5:45
Nampigia tena dada. Kimya kidogo, halafu, "Fundi, si ulisema saa 7?" Nilisema. Pole yangu.

Kutoa ule mkono ndiyo kazi. Kwanza napiga alama ya patasi kwenye mkono na kwenye shafti, virudi meno yale yale, la sivyo stelingi itakaa upande. Nati kubwa nafungua kwa bomba refu. Halafu pula, kifaa cha kuuvuta mkono utoke kwenye shafti. Mafundi wengine wanapiga nyundo. Kipigo kinapanda na shafti mpaka kwenye gia za ndani. Nakaza pula, nasubiri, nakaza kidogo, nagonga kichwa cha pula mara moja tu. *Taa!* Umeachia, dogo karuka.

Mpira wa kuzuia vumbi umechanika. Shafti, pale sili inapolalia, ina vidoti vya kutu kama ngozi iliyotoka ndui, na mdomo wa sili umeliwa. Siwezi kushangaa. Udongo wa zile mbuga kuanzia Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, ni majivu ya volkano, laini kama unga na mkali kama msasa, na barabara yenyewe imejikunja kama bati. Mpira ukichanika safari moja, safari ya tatu sili imekwisha.

Saa 8:00 mchana
Dogo kaenda na bodaboda kutafuta sili. Kaleta kubwa. Kaenda tena, safari hii na ile ya zamani mfukoni, kama nilivyomwambia mwanzo.

Saa 9:30
Boksi liko mezani. Nasugua shafti kwa msasa namba 1000 uliolowa mafuta, kwa kuzungusha, kamwe si kwa kupandisha na kushusha, maana mkwaruzo wa wima ni mfereji wa oili. Vidoti viwili vimebaki, vimekwenda ndani, lakini mdomo wa sili haufiki hapo. Meno ya shafti nayazungushia selotepu ndipo napitisha sili mpya. Meno yale ni kisu. Ukisahau selotepu, unafunga sili iliyokwishachanwa na unarudia kazi kesho. Nampa dogo aisukume kwa dole gumba. Inateleza, inakaa.

Saa 11:10 jioni
Boksi limerudi. Namwaga uchafu wote kupitia bomba la kurudishia, naweka ATF mpya. Mbele ya gari iko juu ya stendi, injini imezimwa, tunakata stelingi taratibu huku na huku mpaka mapovu yaishe. Ndipo tunawasha. Ukiwasha mapema pampu inalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Tunazunguka mpaka Kisongo na kurudi. Stelingi nyepesi, iko katikati. Napulizia poda tena. Nyeupe.

Saa 12:35
Nampa dereva chupa ya ATF aweke nyuma ya kiti. Anapopanda, naingiza mkono mlangoni kwake na kuichomoa ile chupa ya oili ya injini. Analalamika. Pikipiki yangu ilikuwa inadai oili tangu Jumatatu.