Taa ya kamera iliyokuwa ikijiwakia

Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Wete ilikuwa ikiwasha taa ya kamera bila mtu kupiga simu ya video. Wifi yangu akaifunika na mtandio. Nikafungua mipangilio ya Windows 11, faragha na usalama, kisha kamera. Pale huonekana programu zilizotumia kamera siku 7 zilizopita, na saa zake. Ikajitokeza ya kupamba picha, watoto waliipakua Sikukuu. Kero ni kwamba programu za kupakua mitandaoni, nje ya duka la Microsoft, nyingi hazina swichi ya peke yake: ukizima, umezima zote, na mume wangu anasomesha tuisheni kwa video. Nikaiondoa kabisa. Maikrofoni nayo ina ukurasa wake hapo hapo, nikaupitia.