Pazia la umeme, dhamana ya dirham na binti wa Likoni

Mfanyabiashara wa Kariakoo akikwambia anakwenda Dubai, ujue anakwenda Deira, mtaa wa masoko. Mimi nauza mapazia, na Deira naijua kwa miguu yangu. Burj Khalifa nilikuwa naiona kwa mbali tu, nikiwa ndani ya teksi nawahi kwa wakala wa mizigo. Safari hii watoto wangu walichangishana. Wakasema, mama, ukishafunga mzigo usikimbilie ndege, kapumzike kwanza mahali pa heshima. Wakanikatia chumba chenye sebule yake katika hoteli ya nyota tano, ghorofa ya hamsini na kitu, madirisha yakiangalia jiji. Habari za mzigo naziruka, zilikwenda salama.

Mapokezi walinikaribisha kwa tende na kahawa. Kisha kijana akaomba kadi yangu ya benki. Nikamwonyesha risiti, kila kitu kimelipwa. Akasema bado dhamana, dirham 500 kwa kila usiku, na ushuru wa utalii dirham 20 kwa usiku. Ushuru sina ugomvi nao, ni wa serikali, upo tangu 2014 na kila hoteli ya nyota tano inautoza. Dhamana ndiyo iliyoniuma. Fedha ile ilikuwa salio la kununulia shela, kitambaa chepesi cha pazia la ndani, na mwenye duka kule Deira alikuwa amenishikia kitambaa mpaka kesho yake. Kijana alikuwa na adabu, akanieleza mara mbili kwamba fedha haikatwi, inazuiwa tu na itarudi nikishaondoka. Lakini kwa mtu anayezungusha mtaji mdogo, fedha iliyozuiwa haina tofauti na iliyokatwa. Kwa nini jambo zito namna hiyo lisiandikwe juu kabisa ya risiti, mtu ajipange tangu nyumbani? Niliwapigia watoto, mmoja akanitumia pesa nikakinusuru kitambaa. Asiye na mtu wa kumpigia usiku ule angefanyaje? Na usiguse friji ya chumbani. Chupa ndogo ya maji ya humo bei yake Deira inakulisha biriani ukashiba.

Nilipofungua mlango hasira ikapungua, nasema kweli. Kando ya kitanda kuna kitufe. Unabonyeza, pazia zito linajivuta lenyewe taratibu, kisha shela linafuata. Nilipiga magoti nikashika pindo. Ndani wameshona vizito vya madini ya risasi, ndiyo maana mikunjo inashuka wima mpaka sakafuni hata kiyoyozi kikipuliza. Bitana ya kuzuia mwanga imeachwa ining'inie peke yake upande wa chini, ili ikisinyaa isivute kitambaa cha mbele kikaharibika sura. Wateja wangu wengi bitana wanaiona gharama ya bure. Nilipiga picha za kutosha ili wajionee wenyewe.

Na nje ya kioo, jiji. Burj Khalifa ilisimama mbele yangu, mita 828, nikilala kitandani kilele chake sikioni. Chini, Barabara ya Sheikh Zayed ina magari kama siafu, na treni ya metro inapita juu ya nguzo zake bila dereva. Nilikaa pale mpaka alasiri ikapita.

Karibu na magharibi mlango ukagongwa. Akaingia binti wa usafi, kazi yake kutandua kitanda na kufunga mapazia ya usiku. Nilikuwa namrekodia mwanangu ujumbe wa sauti. Nikaona binti amesimama na mto mkononi.

"Shikamoo mama. Kumbe waongea Kiswahili!"

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi?"

"Likoni, Mombasa."

Nilimkumbatia. Nikamwambia aketi, akakataa, wageni wakikuta umeketi ni makosa. Nikampa tende zilizowekwa mezani, akala akiwa wima. Nikamuuliza kama huwa anaangalia jiji hili akiwa kazini. Akaja dirishani, akaninyooshea kidole kuelekea Al Quoz, kule wanakolala wafanyakazi, akasema basi la kampuni huwachukua kutoka huko kabla jua halijachomoza. Burj Khalifa hakuijali sana. Alichonieleza juu yake ni habari ya Ramadhani: mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa maelekezo kwamba wanaoishi juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya 150 wangoje 3, kwa sababu kule juu jua huchelewa kuzama machoni pao. "Aliye chini ndiye afuturuye kwanza, mama," akasema, akacheka kwa furaha. Alibakiwa na vyumba vingine, akaenda. Usiku wa pili akaja na bahasha nimpelekee mamake.

Asubuhi ya kuondoka nilishuka Al Fahidi, mtaa wa zamani kando ya Khor, mkono wa bahari unaoingia katikati ya jiji. Kuvuka kwa abra, mashua zao za abiria, ni dirham 1 tu, na hakuna anayeomba kadi. Niliingia nyumba moja ya kale, nikainua macho nikaona dari: boriti za mikoko, zimepangwa moja baada ya nyingine. Nilisimama nikashindwa kuondoka. Babu yangu mzaa mama alikata mikoko Salale, kwenye delta ya Rufiji. Majahazi yalipakia boriti hizo hapo na kule Lamu, yakapanda na upepo wa kusi mpaka Uarabuni, nchi isiyo na miti ya kuezekea. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, kama mita 3, kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya hapo, vilevile kama vya Mji Mkongwe Unguja. Babu hakuwahi kupanda hata meli ya kwenda Mafia, na mti wa aina aliyokata unabeba nyumba ya watu Dubai. Kwetu nyumba za boriti tunazibomoa kila mwaka kujenga maghorofa ya vioo, na hakuna anayeuliza boriti zinatupwa wapi. Hilo linaniuma kuliko dhamana.

Bahasha ya binti niliituma kwa basi la Tanga, ikavuka Horohoro mpakani na Kenya, mama mtu akanipigia imefika. Dhamana ilirudi baada ya wiki kadhaa, na haikurudi yote. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja kwa dirham 3.67, miaka mingi sasa, shilingi ndiyo inayoyumba, na benki ilibadilisha kwa bei yake wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Mwakani nikijaliwa nitalala Deira kama kawaida, ila usiku wa mwisho nitarudi hoteli ileile, na dhamana nitaweka fedha taslimu.