Safari hii sikuwaharakisha mitetea

Kundi langu la kwanza hapa Kibaha niliwapa chakula cha kuku wanaotaga wakiwa na wiki 13 tu, nikidhani watataga mapema. Chakula hicho kina chokaa nyingi, na chokaa nyingi vile huumiza figo za mtetea asiyetaga. Nilizika saba, na inaniuma mpaka leo.

Safari hii walibaki na chakula cha kukuzia hadi vilemba vilipoanza kuiva wekundu, wiki ya 18. Ndipo nikakichanganya na cha kutagia nusu kwa nusu, siku 7. Sasa kila mmoja anakula kama gramu 110 kwa siku. Jioni nawaongezea maganda ya chaza yaliyopondwa vipande vikubwa, maana ganda la yai hujengwa zaidi usiku.

Jana kuku 80 wamenipa trei mbili na mayai manne!