Kamera ya Kumpa Mpita Njia

Safari yetu ya kwanza ya likizo ya familia nzima nilirudi na picha 614. Mimi mwenyewe naonekana katika tatu. Ya kwanza nimekatwa kichwa. Ya pili nimekuwa kama mtu aliyechorwa kwa chaki kisha mvua ikamnyeshea. Ya tatu ni kivuli changu tu mchangani, nikaamua kukihesabu kwa sababu kusema mbili ni aibu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda na kamera kubwa, ile ya kubadilisha lenzi, na usiku uliotangulia nilikuwa nje napiga nyota picha. Gizani kamera ikiachwa ijilenge yenyewe huhangaika, inakwenda mbele inarudi nyuma, haikamati kitu. Kwa hiyo nilisogeza kile kiswichi cha pembeni mwa lenzi kutoka AF (kamera itafute yenyewe ukali wa picha) kwenda MF (uutafute wewe), nikalenga kwa mkono, nikapata nyota zangu, nikalala kwa furaha. Asubuhi sikukumbuka kukirudisha.

Akapita baba mmoja mpole, mwenye kofia. Nikamwomba atupige picha. Akaishika kamera mbali na uso kama anavyoshika simu, akatazama kioo cha nyuma, akangoja. Kioo cheusi. "Hii imezima," akaniambia. Nikamweleza kwamba aina ile unachungulia kwenye tundu. Akachungulia, akabonyeza mara nne, akanirudishia: "Nzuri sana!" Zote nne ukungu mtupu. Na hakuna wa kumlaumu, maana mtu wa watu alifanya kila nilichomwomba.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kamera gani ya likizo, kabla sijauliza mfuko wake una kiasi gani namuuliza: atakayeishika ni nani? Wengi hujibu "mimi". Si kweli. Kamera ya likizo hupita mikono mingi. Mtoto ataiomba, shemeji ataichukua, na zile picha mnazozitaka kuliko zote, mlizomo wote kuanzia bibi hadi mtoto mchanga wa mgongoni, zitapigwa na mtu msiyemjua aliye njiani kwenda kwake. Huyo anakupa sekunde kumi. Hatauliza hiki kialama cha ua kina maana gani.

Utasema simu ipo. Ipo, na nitaisifu mbele kidogo. Lakini simu ukimpa mpita njia umempa pesa zako, ujumbe wako na namba za ukoo mzima, huku ukiwa umesimama hatua ishirini kutoka kwake na unatabasamu. Kamera ndogo akikimbia nayo, amekimbia na kamera ndogo.

Basi safari ya pili ilipokaribia nilifanya jaribio. Niliazima kamera tatu kwa marafiki, nikaziweka mezani mbele ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye hajawahi kumiliki kamera na wala hana subira na vitu vyenye vitufe vingi. Sikumfundisha kitu.

"Nipige picha, shangazi."

"Nabonyeza wapi?"

"Popote unapoona panafaa."

Ya kwanza ilikuwa ile ya zumu ndefu, mara 40. Kwenye kamera za namna hii kishikizo cha zumu hukizunguka kitufe cha kupigia, vyote chini ya kidole kimoja. Kidole cha shangazi kilikigusa, lenzi ikachomoza kama shingo ya kobe, ikaendelea kuchomoza. "Mbona naona pua tu?" Akaja mkono wa pili kusaidia, kamera ikatikisika, na kwa umbali ule wa zumu mtikiso mdogo tu unatosha kuifuta pua yenyewe. Mara 40 ni kitu kitamu kwa anayetafuta ndege juu ya mti. Kwa picha za watu walioshikana mabega, ni nafasi ya kukosea iliyoongezwa mara 40.

Ya pili ilikuwa isiyoingia maji. Hiyo mwenyewe niliitamani. Vitufe vyake vimezibwa vizuri ili maji yasipite, hivyo ni vigumu kubonyeza, na lenzi yake imekaa kwenye kona ya juu, pale hasa vidole vya mkono mwingine vinapopenda kupumzika. Picha sita, nne zina doa jekundu la kidole. Hata hivyo sikuitupa moyoni. Lenzi yake haitoki nje, inabaki ndani ya mwili wa kamera, na aliyewahi kusikia kamera ya kawaida ikisema *krrr* baada ya mchanga kuingia kwenye mirija ya lenzi anajua hilo lina thamani gani. Huo mlio ukishausikia, mara nyingi kioo kinaandika kosa la lenzi na hadithi imeishia hapo. Kama likizo yenu ni ya maji na watoto wadogo, acheni mengine yote mtafute ya aina hii. Nikon Coolpix W150, kwa mfano, ilitengenezwa ikiwa na watoto akilini: inavumilia maji hadi mita 10 na kuanguka kutoka mita 1.8. Kidole kwenye kona mtoto hujifunza kukiondoa haraka kuliko shangazi.

Ya tatu ilikuwa bapa, nyembamba, Canon IXUS 285 HS. Ni ya mwaka 2016, si kitu cha kujivunia mbele ya wajuzi. Rafiki yangu alikuwa ameiacha kwenye Auto tangu alipoinunua. Shangazi akaiwasha, akaona uso wangu kwenye kioo umezungukwa na kiboksi, akabonyeza. "Tayari?" Tayari. Nilikuwa na kichwa.

Nikakaa sasa kusoma kwa nini. Nitakuandikia yale yaliyonifaa tu.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, nilizipuuza. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikichapishwa kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi inahitaji takribani megapikseli 2. Televisheni ya 4K inaonyesha kama 8. Kamera za bei nafuu siku hizi zinakuja na 16 au 20, kwa hiyo kugombania hizo nne za ziada ni kugombania gunia la kubebea mayai mawili.

Zumu nilisoma upande ambao watu hawausomi, yaani zinapoanzia. Kwenye maelezo utaona namba mbili za milimita, kwa mfano 25–300 au 28–140. Ya kwanza ndiyo inayoamua kama mtaenea. Lenzi inayoanzia 24 inaona upana zaidi ya inayoanzia 28 kwa kama sehemu moja ya sita: mkiwa saba mmejipanga na nyuma ya mpiga picha kuna ukuta, hiyo 24 inamwingiza wa nane. Namba ya pili itakusaidia kusogeza mbuzi aliye ng'ambo. Na hakikisha ni zumu ya lenzi. Ile inayoitwa zumu ya kidijitali ni kukata katikati ya picha na kuivuta, kazi unayoweza kuifanya nyumbani ukiwa umekaa. Mimi huizima kabisa kwenye menyu.

Kutuliza mtikiso ndilo jambo nisilokubali kulikosa. Tafuta herufi IS, VR, OIS au neno SteadyShot, kila kampuni na lake. Ni kipande cha ndani kinachojisogeza kufidia mkono unaotetemeka, na mkono wa mpita njia hutetemeka, kwa sababu anaogopa kuangusha mali ya mtu. Zipo kamera za bei ya chini zinazodai kutuliza mtikiso kumbe ni kwa hesabu za kompyuta, kwa kuongeza wepesi wa sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) na punje kwenye picha. Mchana hutaona tofauti. Jioni utaiona.

Na jioni ndipo niliposema nitaisifu simu. Sensa ya kamera nyingi nafuu, ile inayoandikwa 1/2.3, ni kama milimita 6 kwa 4.6, kadogo kuliko ukucha. Simu nzuri ya leo inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja safi. Kamera hizi nyingi hazijui ujanja huo. Flashi yake nayo haifiki mbali, mita chache tu, kwa hiyo acha kuwamulikia milima. Dawa ya kweli ya giza ni sensa kubwa. Sony RX100 ya mwaka 2012 ilikuja na sensa inayoitwa ya inchi moja, ingawa kwa kipimo ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya ile ndogo, na bado inaingia mfukoni. Imetoka matoleo mengi baada yake, nayo ya kwanza hupatikana kwa waliokwisha kuichoka. Mimi nilipiga hesabu nikaona usiku nitatumia simu, na sitampa mtu.

Ya mtumba, basi. Hapa nilidanganywa kidogo, nikakoma. Muuzaji mmoja aliniapia kamera yake imetumika mara mbili tu, harusi na kipaimara. Nikaweka kadi yangu tupu, nikapiga picha moja ya meza yake. Ikajiita IMG_7312. Kamera nyingi huendeleza namba kutoka pale zilipoishia hata ukibadilisha kadi, na zikifika 9999 huanza upya, kwa hiyo hata hiyo 7312 huenda ilikuwa ni duru ya pili. Harusi hiyo ilikuwa na wageni wengi. Nikaaga.

Nilipopata nyingine nilikwenda na karatasi nyeupe. Vuta zumu hadi mwisho, piga ile karatasi, itazame picha kwa makini: vumbi lililoingia ndani huonekana kama madoa ya kijivu yasiyohama. Washa uzime mara tano usikilize lenzi. Toa betri uilaze mezani. Ikizunguka kama pia, imevimba. Kisha uliza kadi. Sony za zamani zilikula Memory Stick, Olympus za zamani zilikula xD, na hizo kuzipata leo ni kazi ya mwindaji. Hata zile za kadi ya SD, zilizo kongwe sana hazisomi kadi inayozidi GB 2. Nami nilikuwa na kadi ya GB 32 nyumbani, ambayo kwa picha za MB 5 kila moja inabeba elfu sita na ushee, na sikutaka kamera itakayoikataa.

Nilinunua IXUS 285 HS, ndugu ya ile ya rafiki yangu. Gramu 147 tu pamoja na betri yake, ambayo ni ndogo na inakwisha upesi, chini ya picha mia mbili. Nikanunua ya pili. Kumbuka betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa ndege. Zinakaa nawe ndani, miguu yake ya chuma imefunikwa ili isigusane na funguo. Kama betri za kuchaji zinakuchosha, kuna Kodak PIXPRO FZ45 inayotumia betri mbili za AA, zile za rimoti. Shangazi aliipenda wazo hilo sana. "Zinauzwa kila mahali," alisema, na kweli.

Kabla ya kuondoka nilifanya mambo matatu. Nilirekebisha saa, kwa sababu kamera iliyokaa bila betri husahau mwaka na picha zako zote zitajipanga mwanzoni kabisa, kabla ya ndoa yako. Nilifunga mkanda wa mkononi. Nikabandika plasta ndogo pembeni mwa kitufe cha kupigia, mahali pa kuhisi kwa kidole bila kutazama.

Shangazi aliichukua asubuhi ya siku ya kwanza "aijaribu kidogo" na hakuirudisha hadi tulipofungua mizigo nyumbani. Alipiga picha 312. Arobaini na moja ni za viatu vyake, kwa kuwa hakujua kuizima akitembea. Kuna moja ya kiwiko ambacho hadi leo hatujakubaliana ni cha nani. Nyingine zote watu wana vichwa, na mimi nimo katika 58, pamoja na ile tuliyompa kijana wa baiskeli atupige, tukiwa kumi na mmoja, shangazi akimfokea asogee nyuma kidogo.