Mbayuwayu anajua wakati wa kurudi (Yeremia 8:4-7)

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Yeremia 8 kuanzia mstari wa 4 mpaka wa 7, na tafadhali msiupite haraka ule wa ndege, maana wengi tunaruka tukikimbilia zeri ya Gileadi kule mwisho wa sura.

Jumamosi tulitembea na wenzetu wa kikundi cha maombi kandokando ya maji ya bwawa la Bujagali, upande wa Jinja. Wakubwa mnakumbuka yale maporomoko yalivyokuwa yananguruma, sasa tangu bwawa lianze kazi 2012 yamefunikwa, maji yametulia tu. Na ndege wapo jamani! Mnandi amekaa kwenye mti mkavu amefungua mabawa ayakaushe, mdiria yule mweusi na mweupe anasimama hewani anapigapiga mabawa halafu anashuka kichwa mbele anatoka na samaki, tai mvuvi naye akilia kila mtu anaacha kutafuna rolekisi yake (chapati na mayai) anatazama juu.

Lakini walionishika moyo ni mbayuwayu, wadogo tu, wanapita chini chini juu ya maji wanakamata wadudu. Ndugu yetu mmoja anayetembeza watalii akatuonyesha kutofautisha wenyeji na wageni: mwenye koo jekundu na mkanda mweusi mzima kifuani, huyo ametoka mbali, Ulaya huko. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na amevuka jangwa la Sahara! Wanaanza kufika kwetu kama Septemba, Oktoba, na ikifika Machi, Aprili wanarudi.

Sasa kitu ambacho sijaacha kukiwaza ni hiki, mbayuwayu hasubiri baridi imkute. Siku zinapoanza kufupika kule, wadudu bado wapo, chakula kipo, yeye tayari anajikusanya na wenzake kwenye nyaya za umeme wanajiandaa kuondoka. Sisi je? Wengi hatumrudii Mungu mpaka daktari aseme neno zito, mpaka kazi iishe, mpaka ndoa iwe inavunjika ndio unaona mtu amekuja maombi ya usiku. Sisemi Mungu anamkataa huyo, hapana, anampokea kabisa. Ila inauma kwamba miaka yote ile ya jua zuri alikaa mbali na Baba yake.

Yeremia alikuwa mtu wa Anathothi, karibu na Yerusalemu, na nchi yao iko njiani kabisa. Koikoi wengi wakishuka kutoka Ulaya wanapita juu ya Israeli, wanavuka Sinai, wanafuata Nile, huu huu mto wetu, kuja Afrika Mashariki na wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Kwahiyo nabii hakutunga mfano kichwani, aliinua macho akawaona. Na Mungu kupitia yeye anauliza kama mzazi aliyeumia: mtu akianguka si huwa anainuka? akigeuka akaenda zake si huwa anarudi? mbona hawa wangu wanakataa kurudi? Koikoi anajua nyakati zake, hua na mbayuwayu na korongo wanashika wakati wao wa kuja, lakini watu wangu hawajui. Mimi hapo kwenye "watu wangu" ndipo ninapokwama kila nikisoma, maana amekasirika kweli lakini bado anawaita wake.

Tena yupo kekeo wa Ulaya. Mama yake anataga yai kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine kabisa anaondoka zake, mtoto analelewa na wasio wake, na wazazi wanatangulia kuja Afrika yeye akiwa bado huko, hajawahi hata kuwaona. Wakati wake ukifika anaondoka peke yake, anavuka jangwa, anafika, na hakuna aliyemwonyesha njia. Nawaandikia hasa nyie mnaosema mimi sikulelewa kanisani, nyumbani hakuna aliyekuwa anaomba, sijui hata pa kuanzia. Aliyeweka njia ndani ya kale kandege ndiye aliyekuumba wewe. Anza tu, hata kwa maombi ya maneno mawili, hata kwa Kiluganda, kwa Lusoga, kwa Kiswahili cha barakisi, kile cha kambi za jeshi, anasikia.

Wiki hii naomba kila mmoja awaze ndugu au dada ambaye siku hizi haonekani ibadani, umpigie simu. Msianze na kumuuliza alikuwa wapi, msalimie, muulize watoto, muombe naye kidogo kama atakubali. Mimi nimeshampigia mmoja jana usiku tumeongea mpaka airtaimu ikaisha, amesema Jumapili atakuja na mama yake, kwahiyo wanaopanga viti wawawekee nafasi mbele karibu na feni maana mzee hapendi joto.