Muda wa watoto nimeupata kwenye kapu la nguo

Kazi yangu inaniachia jioni. Nikifika nyumbani watoto wameshaoga, wakubwa wanamalizia mazoezi ya shule na mdogo ameanza kusinzia. Kumchelewesha kulala ili tupate muda zaidi hakufai: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na wetu akizikosa, kesho yake nyumba nzima haikaliki. Kwa hiyo kila niliposikia wazazi wakihimizwa kutenga muda wa familia, swali langu lilikuwa moja tu: wautoe wapi?

Mke wangu naye ni mfanyakazi, na kazi za nyumbani tumegawana. Zangu za jioni ni nguo na vyombo. Nikaja kugundua kwamba sehemu kubwa ya saa ninazokuwa macho nyumbani zinaishia hapo, kwenye kapu la nguo na kwenye sinki. Basi nikaacha kutafuta muda mwingine, nikawa nawaita watoto hukohuko niliko. Mmoja mmoja.

Hilo la mmoja mmoja ndilo lililosaidia kuliko yote. Watoto watatu wakiwa pamoja hawaongei na wewe, wanakugombania. Aliye na sauti kubwa ndiye anayesikilizwa, na mpole anaondoka na yake moyoni. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, WHO, UNICEF na wenzao walisambaza vipeperushi vya ushauri kwa wazazi, na hili lilikuwemo: kila mtoto apate muda wake na mzazi, hata kama ni dakika 20 tu, na ikiwezekana uwe saa ileile kila siku ili auone unakuja. Sisi tukapanga zamu. Binti yetu wa katikati alijaribu kununua zamu ya mdogo wake kwa penseli ya rangi, biashara ambayo tuliifunga mapema.

Huyo wa katikati, ana miaka 8, ndiye mwenzangu wa kukunja nguo. Kazi yake ni soksi. Anazimwaga zote sakafuni, anazipanga mistari, kisha anatafuta pacha wa kila moja, na ile isiyo na mwenzake anaipa jina na kisa cha kwa nini imeachwa. Peke yangu ningelimaliza kapu hilo kabla hajafika katikati ya mistari yake. Lakini soksi ya kijani ikishapewa kisa cha kukimbiwa na rafiki, mara nyingi kinachofuata si habari za soksi tena. Ni za dawati la nyuma, za nani hakualikwa kucheza, za mwalimu aliyesahau kusoma insha yake. Mimi nakunja mashati na kuitikia.

Zamani nilikuwa namuuliza, "Shule ilikuwaje?" Jibu: "Nzuri." Sasa naanza na yangu: mtu aliyenikera kazini, kikao kilichonitia usingizi, kitu nilichokisahau nikarudi mbio kukifuata. Nikishasema yangu mawili matatu, naye anayo yake. Mtoto akiulizwa maswali mfululizo hujiona yuko kwenye mtihani.

Kwa mdogo mambo ni tofauti, yeye anataka kucheza tu. Hapo nilisaidiwa na kitu nilichokisoma juu ya Sheila Eyberg, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuza tiba ya watoto wasumbufu ambayo ndani yake mzazi ndiye anayefundishwa namna ya kucheza na mwanawe. Kazi ya nyumbani anayopewa mzazi ni dakika 5 za mchezo kila siku, mtoto akiwa ndiye kiongozi, na masharti yake yanaonekana mepesi mpaka uyajaribu: usiamrishe, usiulize maswali, usikosoe. Taja anachokifanya, rudia maneno yake, msifu kwa jambo mahsusi. Mwanangu hana tatizo la kupelekwa kwa mtaalamu, lakini dakika 5 hata mimi ninazo, nikazichukua.

Ulimi ulinisumbua kweli. Anapanga vitofali vya plastiki, na mdomo wangu unawashwa kuuliza "Hii ni nyumba?" au kusema "Kubwa liweke chini, vitaanguka." Najizuia. Nasema tu, "Umeweka chekundu juu ya cha bluu." Yeye, bila kuniangalia: "Ndiyo. Hapa gari linalala. Limechoka kama Baba." Ningeuliza kama ni nyumba angejibu ndiyo, na habari za gari lililochoka nisingezisikia. Vitofali vikianguka anacheka, anaanza upya. Muda ukiisha namwambia umeisha, na kesho upo. Mwanzoni alikuwa analia. Alipoona kesho inafika kweli, akaacha.

Simu yangu wakati huo inabaki kwenye begi. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya jaribio la mwanasaikolojia Edward Tronick la miaka ya 1970: mama anacheza na mtoto mchanga, kisha kwa dakika chache anamtazama kwa uso usioonyesha chochote. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele kumrudisha, akishindwa anageuka pembeni au analia. Hakukuwa na simu za mkononi enzi hizo. Uso wangu nikiwa nasoma ujumbe, nadhani, haupishani sana na ule.

Mkubwa ana miaka 14, na huyu ukimkalisha chini mtazamane, umemkosa. Kwenye sinki tunasimama bega kwa bega, yeye anaosha, mimi nasuuza, macho ya wote wawili yako kwenye vyombo. Jioni nyingi hakuna cha maana kinachosemwa. Ni mpira, ni utani, au kimya, na nimejifunza kutokichokonoa kimya hicho. Halafu kuna jioni moja, sahani zikiwa zinakaribia kwisha, alisema kwamba rafiki yake wa siku zote hamsemeshi tena. Hotuba nzima ilinijia kichwani. Nikaimeza, nikasuuza upya sahani iliyokwisha kutakata. Akaendelea mwenyewe, na masufuria tuliyokuwa tumeyaacha kwa ajili ya kesho tukayaosha yote usiku huo.

Matembezi ya mwisho wa wiki tunayo, nami nayapenda, ila sioni kama yanaweza kubeba kazi hii. Siku hiyo kila mtu ana matarajio makubwa, kuna foleni, kuna uchovu, na mtoto hakuambii jambo zito kati ya bembea mbili. Pia sikubaliani na wanaosema muda mfupi ukiwa bora unatosha. Mazungumzo ya sinki yale yasingekuja kama zisingetangulia jioni chungu nzima za mpira na kimya.

Zipo siku nguvu hazipo kabisa. Hizo namwambia mwenye zamu waziwazi kuwa Baba amechoka, najilaza kwenye mkeka na yeye anachagua la kufanya. Mdogo huwa ananigeuza barabara ya magari yake, na mgongo wangu haujawahi kulalamika.

Sasa mkubwa amekaribia mitihani na jioni zake zimejaa, hivyo zamu yake tumeihamishia alfajiri, ninapopiga pasi nguo za kazi kabla wengine hawajaamka. Imeshaleta ugomvi: wa katikati amesikia kuna zamu ya alfajiri, naye anaitaka.